Duka Lako la Mtandaoni Limejaa Bidhaa na Sasa Linaburuta Miguu? Anzia Hapa

Mteja ameshuka matatu Donholm. Simu yake ina bando la MB 100. Ameona viatu vya mtoto kwa tovuti yako, amevipenda, amebonyeza "Lipa". Ukurasa unazunguka. Dirisha la PIN linatokea, anaweka PIN, na SMS ya kuthibitisha inaingia. Lakini tovuti bado inazunguka, halafu inamwambia malipo hayajakamilika. Anabonyeza tena. Sasa amekatwa mara mbili, na wewe mwenye duka huoni hata oda moja.

Hapo wa kwanza kulaumiwa huwa ni huduma ya malipo. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini angalia vizuri: pesa ilitoka na ikafika. Kilichochelewa ni tovuti. Duka lililoanza na bidhaa 40 sasa lina 3,000, na hakuna mtu amewahi kupanga stoo.

Makala haya ni ya wenye biashara wa Eastlands wanaopokea malipo kwa tovuti: wauzaji wa mitumba iliyochaguliwa Gikomba, vitambaa vya Eastleigh, sufuria na masanduku ya Kamukunji, spea, sare za shule, keki za Buruburu. Si lazima ujue kuandika programu. Unahitaji kujua mambo ya kuuliza na mpangilio wa kuyafuata, ili yule kijana aliyekutengenezea tovuti asikuuzie dawa ya ugonjwa usio wako.

Kwa nini tovuti hulemewa ikikua

Maduka mengi madogo hutumia WordPress, na juu yake WooCommerce. WordPress ilitoka Mei 2003 ikiwa programu ya kuandika blogu. WooCommerce ikaja mwaka 2011 kuigeuza blogu hiyo kuwa duka. Mtu wa Eastleigh ataelewa haraka: ni kama Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni, kisha miaka ya 1990 vyumba vikageuka maduka. Biashara ilishika, na mtaa mzima ukaiga. Lakini jengo lililopangiwa wageni wa kulala lina ngazi na korido za wageni wa kulala. Watu wakijaa, wanabanana mlangoni.

Kwa tovuti, mlango huo ni hifadhidata. Mteja akifungua ukurasa wa "Viatu vya Watoto", ukurasa huo haupo mahali popote ukiwa tayari. Seva inaamka, inauliza hifadhidata: nipe viatu, nipe bei, nipe picha, nipe stoki, nipe jina la duka, nipe menyu. Majibu yote yanaunganishwa kuwa ukurasa mmoja, ndio unatumwa kwa simu. Mteja wa pili akija sekunde moja baadaye, kazi yote inarudiwa.

Bidhaa 40 hazisumbui. Lakini kila bidhaa huandikwa kwa mistari mingi: bei, saizi, rangi, uzito, stoki, picha. Kiatu kimoja chenye saizi 8 na rangi 3 ni bidhaa 24 machoni pa hifadhidata. Ongeza oda za miaka mitatu, ambazo kwa mfumo wa zamani wa WooCommerce zilihifadhiwa kwenye jedwali moja na makala na kurasa zako, kila oda ikiacha makumi ya mistari. Sasa swali dogo kama "nipe viatu vya chini ya 1,500" linafanya seva ipekue gunia zima.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu mtandao, jua kwamba tovuti inaweza kuwa nzito kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza, seva inachelewa kuandaa ukurasa. Ya pili, ukurasa wenyewe ni mzigo mkubwa kubebwa hadi kwa simu. Dawa zake hazifanani.

Pima kabla ya kutibu

Google wana chombo cha bure kinachoitwa PageSpeed Insights. Unaweka anwani ya tovuti yako, unasubiri kidogo, unapata majibu. Usipime ukurasa wa mbele peke yake, maana huo ndio fundi huupamba. Pima kurasa tatu: wa mbele, wa kundi lenye bidhaa nyingi zaidi, na wa bidhaa moja. Ukurasa wa malipo upime kwa mkono: fanya oda ndogo ya kweli na ushike saa.

Namba tatu za kuangalia:

- Seva ilichukua muda gani kutoa jibu la kwanza. Google hushauri lisizidi sekunde 0.8. Likizidi hapo sana, shida iko kwa seva au hifadhidata.
- Kitu kikubwa zaidi cha ukurasa, mara nyingi picha, kilionekana baada ya muda gani. Kipimo kizuri ni sekunde 2.5 au chini.
- Mteja akibonyeza kitu, ukurasa uliitikia baada ya muda gani. Kipimo kizuri ni milisekunde 200 au chini.

Kwa nini sekunde zina maana hivyo? Utafiti wa Google wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ziara 53 kati ya 100 za simu huachwa ukurasa ukipita sekunde 3 bila kufunguka. Mteja wako naye ana duka la pili kwa TikTok na la tatu kwa WhatsApp. Hatakupigia kukuambia umechelewa.

Pima pia kwa simu ya aina ile wateja wako wanatumia, si ile yako mpya. Zima Wi-Fi, tumia bando, na ujaribu saa mbili usiku, watu wakiwa wamefika nyumbani. Andika namba zako kwa daftari. Bila namba za leo, mwezi ujao hutajua kama pesa uliyomlipa fundi ilifanya kazi.

Picha: mzigo mkubwa ulio rahisi kupunguza

Hesabu hii haihitaji fundi. Picha moja kutoka simu ya kisasa hufika MB 3 au 4. Ukurasa wenye picha 20 za MB 3 ni MB 60. Mteja mwenye bando la MB 100 akiufungua mara moja amebaki na MB 40, na bado hajanunua kitu. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi KB 80 kila moja, ukurasa mzima ni MB 1.6. Machoni pa mteja kiatu ni kile kile.

Tangu mwishoni mwa 2019 WordPress hupunguza yenyewe picha zinazozidi pikseli 2,560. Hiyo imesaidia, lakini simu nyingi za bei ya chini zina kioo chenye upana wa pikseli 720. Bado unatuma gunia kwa mtu aliyeomba kilo.

Fanya hivi:

- Punguza picha kabla ya kuipandisha. Upana wa pikseli 1,000 hadi 1,200 unatosha bidhaa nyingi.
- Tumia aina ya WebP, ambayo WordPress inakubali tangu Julai 2021. Huwa nyepesi kuliko JPEG ya ubora ule ule.
- Onyesha bidhaa 24 kwa ukurasa, si 200. Weka "ukurasa unaofuata".
- Video usipandishe kwa tovuti yako. Iweke YouTube, na kwa tovuti weka picha yenye kiungo.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaioni. Kila picha unayopandisha, WordPress hutengeneza nakala zake za ukubwa tofauti, nane au zaidi ukiwa na WooCommerce. Bidhaa 3,000 zenye picha 4 ni picha 12,000. Zidisha kwa 8, ni faili 96,000. Kampuni nyingi za hostingi ya bei ya chini huweka kikomo cha idadi ya faili, si ukubwa wa diski tu. Siku ukigonga kikomo hicho, huwezi kupandisha picha mpya, na wakati mwingine hata chelezo la tovuti halikamiliki. Bidhaa iliyoisha na haitarudi, toa picha zake.

Nakala za tayari, na mahali pasipofaa kuziweka

Kumbuka tulisema kila ukurasa unapikwa upya kwa kila mteja. Kache ni kupika sufuria moja kubwa na kupakua. Ukurasa wa "Viatu vya Watoto" unatengenezwa mara moja, nakala inahifadhiwa, na wateja 500 wanaofuata wanapewa nakala hiyo bila kuisumbua hifadhidata. Kwa duka kubwa lililo kwa hostingi ndogo, hakuna hatua nyingine inayoleta nafuu ya haraka kama hii. Ziko plagini za bure zinazofanya kazi hiyo, na kampuni nyingi za hostingi huwa tayari wana kache yao. Uliza kabla ya kuongeza nyingine, maana kache mbili zikigongana unaweza kukaa wiki nzima ukitafuta bei ya zamani inatoka wapi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kuna kurasa tatu ambazo hazifai kuwekwa nakala hata siku moja: kikapu, malipo, na akaunti ya mteja. Ukizihifadhi, mteja wa Kayole anaweza kufungua kikapu akakuta jina, namba ya simu na anwani ya mteja wa Umoja. Hilo si jambo la kuomba msamaha kwa WhatsApp na kusahau. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za wateja ni dhamana yako.

Plagini nyingi za kache huzitenga kurasa hizo zenyewe, ila tu ikiwa WooCommerce inazijua. Kama fundi wako alitengeneza ukurasa wa malipo wa kipekee, mfumo hautautambua. Jaribu wewe mwenyewe: weka bidhaa kwa kikapu ukitumia simu moja, kisha fungua kikapu kwa simu nyingine. Cha pili lazima kiwe tupu.

Na anwani ambayo huduma ya malipo hutuma majibu yake pia isiguswe na kache. Tutaifikia hivi punde.

Safisha hifadhidata, lakini usichome vitabu

Kazi hii ina amri moja inayotangulia: chukua chelezo kamili, na uhakikishe linaweza kurudishwa. Chelezo ambalo hujawahi kulijaribu ni matumaini tu.

Halafu mwombe fundi aangalie mambo haya:

Oda ziko wapi? Oktoba 2023, WooCommerce toleo la 8.2 lilianza kuyapa maduka mapya majedwali maalum ya oda, yaliyotengwa na makala na kurasa. Maduka ya zamani hayakuhamishwa yenyewe. Kama duka lako ni la kabla ya hapo, huenda oda zako bado zinabanana na makala. Kuhamisha kunawezekana kutoka kwenye mipangilio, lakini kwanza hakikisha plagini yako ya malipo inaoana na mfumo mpya, na ujaribu kwenye nakala ya tovuti, si kwa duka lililo wazi.

Mizigo inayobebwa kila safari. WordPress ina mipangilio ambayo husomwa kila ukurasa unapofunguliwa. Plagini ulizotoa zamani mara nyingi huacha mipangilio yao humo. Tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024, sehemu ya Site Health inakuonya mzigo huo ukizidi takriban KB 800. Fungua leo, uangalie.

Matoleo ya zamani ya kurasa. WordPress ikiachwa ilivyo, huhifadhi kila toleo la ukurasa unaohariri, bila kikomo. Fundi anaweza kuweka kikomo cha matoleo matano kwa mstari mmoja wa mipangilio.

Kumbukumbu za plagini. Zile za usalama na za takwimu huandika kila mgeni aliyepita. Baada ya mwaka, daftari la bawabu linakuwa nene kuliko duka. Weka muda wa kufuta, kwa mfano siku 30.

Lakini usifute oda za zamani ili kupata nafasi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka mitano. Oda za zamani zinaweza kutolewa kwa tovuti na kuhifadhiwa mahali pengine salama. Kuzifuta moja kwa moja ni kujitafutia maneno siku KRA wakiuliza.

Plagini na wageni wasionunua

Kila plagini ni kama mfanyakazi uliyemwajiri: analetea duka kitu, na anakula kitu. Fungua orodha yako. Kwa kila moja jiulize: ikitoka leo, mteja atakosa nini? Theluji inayoanguka kwa skrini wakati wa Krismasi haijawahi kuuza kitu Komarock. Usizime zote kwa mpigo. Zima moja, pima, andika, endelea na nyingine. Fanya hivyo kwenye nakala ya tovuti au saa ambazo huna wateja. Usitosheke kuizima, ifute kabisa, maana plagini iliyozimwa na kusahauliwa hubaki mlango wa wezi.

Halafu kuna wageni ambao si watu. Roboti za injini za utafutaji, za kulinganisha bei na za kukusanya maandishi hupita tovuti mchana na usiku. Kwa duka kubwa hatari iko kwa vichujio. Ukiwa na rangi 5, saizi 10 na viwango 6 vya bei, tayari ni michanganyiko 300 kwa kundi moja tu la bidhaa, na kila mchanganyiko una anwani yake. Roboti hufuata zote, na kwa kuwa ni kurasa ambazo hakuna mteja amefungua, hakuna nakala ya tayari; kila moja inapikwa upya. Mwambie fundi azizuie roboti kufuata anwani za vichujio kupitia faili ya robots.txt, na zile sugu zizuiwe kwa seva.

Kenya imeona jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Julai 2023, eCitizen ililemewa na maombi mengi yaliyotumwa makusudi ili kuiangusha, na watu wakakwama kulipia huduma. Duka lako halihitaji adui wa kiasi hicho. Roboti tatu zisizo na adabu zinatosha kuangusha hostingi ya bei ya chini.

Mahali pesa inapopotelea

Sasa turudi kwa ukurasa wa malipo, maana hapa ndipo uzito wa tovuti unageuka kuwa shilingi.

Malipo ya STK yana safari mbili. Safari ya kwanza: tovuti yako inaomba malipo, mteja anaona dirisha la PIN. Safari ya pili: mteja akishaweka PIN, huduma ya malipo inatuma jibu kwa tovuti yako, kwa anwani maalum. Kwa wanaotumia Daraja ya Safaricom, jibu hilo lina namba: 0 ni kwamba malipo yamefaulu, 1 ni kwamba salio halikutosha, 1032 ni kwamba mteja alikataa, na 1037 ni kwamba simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Angalia kinachotokea seva ikiwa imelemewa. Mteja ameweka PIN. Pesa imeingia kwa till yako. Jibu linakuja kugonga mlango wa tovuti, na hakuna anayefungua: seva iko na kazi ya roboti na vichujio, au plagini ya usalama imedhani jibu ni mshambulizi na kulifungia nje. Oda inabaki "inasubiri malipo". Na WooCommerce, ukiwa umewasha usimamizi wa stoki na hujabadilisha mipangilio, hufuta oda ambayo haijalipwa baada ya dakika 60 na kurudisha bidhaa kwa rafu. Kwa hivyo una pesa ya mtu, oda yake imefutwa, na viatu vyake vinaweza kuuzwa kwa mwingine. Wewe humjui. Yeye anakujua, na ameanza kuandika Facebook.

Mambo manne yanazuia hilo:

Ya kwanza, anwani ya majibu iwe nyepesi. Ikipokea jibu, iliandike na kukiri mara moja kwamba limefika. Kutuma barua pepe, kupunguza stoki na kutengeneza risiti kuje baadaye. Anwani hiyo iruhusiwe kwa plagini ya usalama, lakini ihakikishe kweli jibu limetoka kwa huduma ya malipo, na kiasi kinalingana na oda.

Ya pili, tovuti isikae tu kungoja. Kama jibu halijafika baada ya dakika moja au mbili, iulize yenyewe. Daraja ina ombi la kuuliza hali ya malipo ya STK, na huduma nyingine za malipo zina kitu kama hicho. Muulize fundi wako swali hili kwa maneno haya haya: "Jibu likipotea, tovuti inajuaje kwamba mteja alilipa?" Akisema haiwezi kupotea, tafuta fundi wa pili.

Ya tatu, kitufe cha "Lipa" kizimike baada ya kubonyezwa mara moja, na maneno yatokee: "Tumetuma ombi kwa simu yako. Weka PIN. Usibonyeze tena." Oda ambayo ina ombi linalosubiri isikubali ombi la pili.

Ya nne, kazi za ratiba ziendeshwe na seva. WordPress kwa kawaida hungoja mgeni afungue ukurasa ndipo ikumbuke kazi zake za ratiba. Usiku ukiwa mtulivu, kazi zinachelewa. Mchana wateja wakijaa, kazi zinapanda juu ya mgongo wa mteja na kumchelewesha. Fundi anaweza kuweka ratiba ya seva yenyewe, kila baada ya dakika tano, kwa muda usiozidi nusu saa.

Na kila jioni kabla ya kufunga, linganisha taarifa ya till na orodha ya oda. Pesa iliyoingia bila oda, mtafute mwenye pesa kabla hajakutafuta.

Kubadilisha seva ndiyo hatua ya mwisho

Hostingi ya pamoja ni kama ploti yenye tangi moja la maji. Jirani akifua blanketi, wewe bomba lako linadondoka. Ni sawa ukianza. Ukiwa umepunguza picha, umeweka kache, umesafisha hifadhidata, na bado jibu la kwanza la seva linazidi sekunde moja wakati wateja ni wengi, sasa hama kwenda seva yenye nafasi yako mwenyewe. Ukihama kabla ya kusafisha, utalipa kodi ya nyumba kubwa ili uhifadhi takataka.

Mahali seva ilipo pia kuna maana. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Tovuti ambayo wateja wake wote wako Nairobi lakini seva iko Ulaya inategemea nyaya hizo kwa kila mbonyezo. Unaweza kutafuta hostingi yenye seva hapa nchini, au kutumia mtandao wa kusambaza nakala kama Cloudflare, wenye vituo Nairobi na Mombasa na mpango wa bure. Picha za viatu zitatoka karibu, ila ukurasa wa malipo bado utakwenda hadi seva yako.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila siku: linganisha till na oda.
- Kila wiki: chelezo, kisha masasisho ya WordPress na plagini. Fungua tovuti kwa bando na ununue kitu kidogo.
- Kila mwezi: pima zile kurasa tatu, andika namba. Angalia Site Health. Toa bidhaa zilizokufa.
- Kabla ya msimu: sare Januari, zawadi Februari, ofa za Novemba, na kila mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Wiki mbili kabla, usiongeze plagini mpya wala kubadilisha sura ya tovuti. Mtu hapaki rangi duka siku ya soko.

Na wewe unayelipa

Kama wewe ni mteja na ukurasa umeganda, usibonyeze "Lipa" tena. Angalia SMS kwanza. Kama ya kuthibitisha imeingia, pesa imetoka. Mtumie muuzaji namba ya muamala, iliyo kwenye SMS hiyo, pamoja na namba ya oda. Kama haijaingia, ngoja dakika kadhaa na uangalie salio kabla ya kujaribu upya. PIN huwekwa kwenye dirisha la simu peke yake. Haiandikwi kwa tovuti, haisomwi kwa mtu aliyekupigia kusema "tunarekebisha oda yako".

Mwenye duka, usingoje mwisho wa mwezi. Leo jioni fungua taarifa ya till ya siku saba na orodha ya oda za siku hizo hizo, uziweke kando kwa kando. Zikilingana, anza na picha, bila haraka. Zikiwa hazilingani, anza na anwani ya majibu, na umpigie fundi kabla hujalala.